Nafasi Kati ya Molekuli

Mama alikuwa anakamua shuka la mwisho simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa mfanyakazi mwenza wa binti yake mkubwa, jitu la miraba minne waliloliita Fundi Leza, ila leo alinong'ona kama mgonjwa.

"Mama, njoo maabara. Binti yako amejifungia chumba cha giza, anaongea na mtu. Na mle yuko peke yake."

Mama alifika na povu mikononi. Korido, alikomsubiri Fundi Leza, ilinuka nywele zilizoungua. Mlango ukafunguka kabla hajagonga.

Binti yake alikaa mbele ya kipande cha kioo kilichopakwa utando mwembamba wa rangi. Utando ulitoa mwanga wa kijani, ukififia na kukolea kama kifua cha mtu aliyelala.

"Unauwashaje?" Mama aliuliza.

"Siuwashi. Nimezima mitambo tangu asubuhi."

"Mwanangu, umefanya nini?"

"Molekuli, chembe za rangi hii, zikibanana zinazimana mwanga, Mama. Leza, ule mwale wa mwanga tunaoutengeneza, ikagoma. Nikazibadilisha umbo, nikaziongezea matawi ubavuni yazitenganishe." Akaonyesha kioo. "Mwanga ukazidi. Ila niliacha nafasi kubwa mno. Kuna kitu kimehamia humo."

"Kinataka nini?"

"Nisiondoke."

"Zinabanwaje tena?"

"Kwa moto. Zikipata joto zinalegea, zinashikana."

"Basi pasha. Leo unakula nyumbani."

Binti akaweka kioo juu ya kipasha moto, na kadiri joto lilivyopanda ndivyo ile harufu ilivyowakaba koo, na mwanga ukaanza kukimbia pembe hadi pembe ukitafuta pa kutokea, na kukasikika kucha nyingi zikikwaruza kioo kwa ndani, mpaka Fundi Leza, na ukubwa wake wote, akajificha nyuma ya Mama, na binti akaachama apige kelele, sauti isitoke, halafu giza likatanda.

"Kimekwenda wapi?" Fundi Leza alinong'ona.

"Kiende kinakotaka. Mimi nina sufuria jikoni."

Jioni Mama alipakua, akawahesabu waliokaa mezani kama kawaida yake: baba yao, bibi, mapacha, na binti mkubwa mahali pake. Wote wapo. Akashusha pumzi.

Umeme ukakatika.

"Kuleni tu," bibi alisema. "Mbona tunaonana."

Ni kweli, walionana. Mapacha wakaacha kuchekeana. Kila binti mkubwa alipofungua mdomo kupokea kijiko, sahani zote mezani zilimulikwa kijani.