Sufuria ya Mwanapili

Mwanapili aliporudi shuleni adhuhuri alisali, kisha akaenda jikoni. Mama yake, Bi Khairat, alikuwa kwa jirani na mtoto wake mdogo, Ilyas.

Asubuhi hiyo Mwalimu Husein aliwaeleza habari za tanuri ambazo wataalamu wanazijaribu, ili wapate umeme kwa kuunganisha viini vya atomi. "Ndani mna joto kushinda la jua," alisema. "Ukuta mgumu huharibika. Basi wengine wanajaribu kuufunika kwa metali iliyoyeyuka, kama lithiamu, au risasi iliyochanganywa nayo. Palipoliwa, metali hutiririka ikapaziba."

"Kesho nitawaonyesha!" Mwanapili alijigamba.

"Wewe?" Rawda, mwanafunzi mwenzake, alimcheka. "Chai tu huimwaga!"

Maneno hayo yalimchoma. Alichukua chubwi za risasi za nyavu za baba yake, aliyekuwa safarini Chovai, akaziyeyusha katika sufuria. Risasi iling'aa kama kioo. Alipoichora kwa kijiti, mchoro ulijifunga papo hapo. Alifurahi mno! Aliimwaga mchangani, akasuuza sufuria, akaenda chuoni kusoma Kurani.

Aliporudi alasiri, uji ulikuwa umeiva katika sufuria ileile. Mama alimpakata Ilyas, kijiko mkononi.

Hapo Mwanapili alikumbuka onyo la mwalimu: risasi ni sumu, na watoto ndio hudhurika nayo zaidi.

"Bismillahi," mama alisema.

Mwanapili aliruka, akalipiga bakuli likamwagika.

"Ala! Una wazimu?"

"Nimeteleza, mama."

Mama aliguna, akachota uji mwingine sufuriani. Ilyas alifungua kinywa. Ya Rabi, nisaidie, Mwanapili aliomba kimoyomoyo.

"Mama, usimpe! Sikuteleza. Nimeyeyushia risasi humo. Ni sumu!"

Mama alikiweka kijiko chini. "Hajala bado! Hiki kilikuwa cha kwanza."

"Wallahi sikujua utaipikia uji, mama."

Mama alimwaga uji shimoni, akaitoboa sufuria kwa msumari ili asiipikie mtu tena. Kisha akamshika Mwanapili mkono. "Nawe umevuta moshi wake. Twende kwa daktari."

Daktari alimpima, akasema yuko salama ila arudi kupimwa tena. Njiani Mwanapili alilia.

"Kusoma nataka usome," mama alimwambia. "Jaribio lolote la moto fanya mbele ya mwalimu, si katika chombo cha kulia. Na ukikosea, sema mara moja. Ule uwongo wako wa kuteleza ulikaribia kumlisha ndugu yako sumu. Ukweli ndio uliomwokoa, alhamdulillahi."