Kadi ya Watu Wawili

Kikombe cha pili kilikuwa kitupu.

Corbin Tait alikikodolea macho. Sinia lilikuwa limepita kwenye kidirisha cha ukutani saa mbili kamili asubuhi, kama kadi ilivyoagiza: sahani mbili, mayai manne, mkate wa kubanika, chai vikombe viwili. Cha kwanza alikinywa yeye. Cha pili alikisogeza upande wa pili wa meza, mbele ya kiti kisicho na mtu, akaenda kunawa uso. Aliporudi, kikombeni mlikuwa na sukari tu, imelala chini haijakorogwa, na chumba kizima kilinuka jivu lililomwagiwa maji.

"Umekinywa mwenyewe, mjinga wewe," akajiambia.

Corbin alikuwa na jibu la kila kitu. Ukimkuta kule Launceston amepiga magoti anapanga vigae kwenye bafu la watu, utadhani mji mzima kaujenga yeye. Fundi bomba mwenye umri wa baba yake aliwahi kuambiwa naye kwamba amekaza bomba kama mlevi anayefunga kamba za viatu. Mdomo huohuo ndio uliomponza jana yake jioni, mlangoni pa Bi Merle.

Safari yenyewe aliichagua Tamsin, mke wake. Tangu mwezi wa pili alikuwa akitafuta nyumba ya kulala wageni kwa ajili ya majira ya baridi, wao wawili tu, mahali pasipozidi saa mbili kwa gari, kwa sababu Corbin akishika usukani zaidi ya hapo anakuwa kama mtoto anayeota meno. Aliandika nne nyuma ya bahasha. Moja ina bafu lenye miguu ya simba. Moja ina mbwa mzee anayepokea wageni. Ya tatu mwenye nyumba anapika pai za kome na bizari. Ya nne ilikuwa hii, juu huku kwenye Ziwa Kuu, jiko la kuni ndani ya chumba na theluji nje ikipenda kuanguka. Hiyo ya nne aliipigia mistari miwili.

Mwezi wa tano Tamsin akaanguka kwenye foleni ya dukani, kabichi mkononi. Mshipa wa kichwani ulikuwa umepasuka. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Mwezi wa saba Corbin akaikuta bahasha kwenye droo. Akapiga simu, akachukua siku tatu za mapumziko ya wapendanao, akaendesha saa moja na nusu bila kulalamikia hata kona moja.

Bi Merle Pybus, mama mmoja mwenye mikono mipana na sweta la kiume, alimtazama, kisha akatazama gari nyuma yake.

"Mko wangapi?"

"Wawili."

"Nakuuliza tena, mwanangu. Usiku wa leo mnalala wangapi?"

Kule ndani Corbin aliona chupa ya divai imefungwa utepe mwekundu, na glasi mbili. Neno "mmoja" likamshinda.

"Wawili, Bi Merle. Mke wangu yuko njiani. Si unawajua wanawake, wakianza kupanga begi msimu mzima unaweza kupita."

Alicheka peke yake. Bi Merle akampa kadi ya kifungua kinywa. Unaijaza kabla ya saa kumi na mbili jioni, unaiweka kwenye kidirisha, na asubuhi ulichoandika ndicho kinachokuja. Corbin akajaza. Idadi ya watu: wawili. Majina: Corbin na Tamsin. Mayai ya kukaanga. Chai. Alipofika kwenye sukari ya Tamsin kalamu ikagoma. Miaka saba ya ndoa, na siku zote chai alipikiwa yeye. Akabahatisha vijiko viwili.

Jumamosi hiyo barabara ilifungwa. Barafu ilikuwa imelamba lami yote hadi bondeni, na mtu wa redio akasema hakuna gari kushuka mpaka Jumatatu. Saa kumi na moja jioni giza lilikwishaingia. Corbin alikuwa anachochea kuni aliposikia maji yamefunguliwa bafuni.

"Corbin," sauti ikaita. "Taulo umeliweka wapi tena?"

Lile "tena" lilivutwa mwishoni, vilevile. Nywele zikamsimama shingoni. Mtu mwenye akili zake angekimbia. Corbin alichukua taulo.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa bafu, amempa mgongo, na harufu ya jivu ilikuwa nzito hadi inawasha macho.

"Tamsin?"

"Nani mwingine, kichwa maji?"

"Umekufa wewe," Corbin akanong'ona.

"Umeandika wawili. Nimekuja."

Akageuka. Macho yalikuwa yake. Kovu la tanuri kwenye kiganja cha kushoto lilikuwepo, maana Corbin ndiye aliyempeleka hospitali siku ile. Lakini mkono wa kulia haukuwa na kucha, vidole vitano vyote laini kama mishumaa, na alipozikusanya nywele nyuma ili azikaushe, pale yanapokaa masikio palikuwa na ngozi tupu, imenyooka kutoka shavuni hadi kisogoni, kama ukuta ambao fundi ameusawazisha akasahau kwamba palitakiwa dirisha.

"Masikio yangu yalikuwaje?" akauliza kwa upole. "Sikumbuki. Niambie."

Corbin akafungua kinywa. Hakujua. Yule fundi wa majigambo, anayeweza kuona kigae kilichopinda unene wa uzi akiwa mlangoni, alilala pembeni mwa mwanamke miaka saba na hakujua masikio yake yalikuwaje. Akakaa chini sakafuni na kulia, na kile kitu kikamngoja amalize, bila kupumua.

Kisha akaanza kumpa alivyonavyo. Jinsi walivyokutana kwenye kibanda cha kuuza matunda ya cheri, Corbin akajidai kuwa anajua cheri nzuri, akanunua mbovu. Jinsi Tamsin alivyokuwa akilala amemwekea goti mgongoni. Jinsi alivyokuwa akicheka kwanza puani, halafu ndipo mdomo ufuate. Kila alipotoa kimoja, rangi iliingia kwenye yale mashavu. Na kila alipotoa kimoja, baridi ilimpanda yeye vidoleni.

"Na asubuhi ile ya mwisho?" kikauliza. "Ulipokuwa unatoka kwenda kazini. Tulisemaje?"

"Hatukusema kitu," Corbin akajibu haraka.

Hilo hakulitoa. Aibu ilimzuia.

Kabla ya saa kumi na mbili alijaza kadi nyingine. Wawili. Safari hii mkono haukusita. Sukari aliiacha wazi kwanza, akatoka barazani, mahali pekee simu ilipopata mtandao, akampigia mama wa Tamsin.

"Mama Glenys. Masikio ya Tamsin yalikuwaje?"

"Umelewa, Corbin?"

"Hapana, mama."

"Miezi miwili hujanipigia. Leo unapiga kuniuliza masikio." Akasikika akikaa kwenye kiti. "La kushoto lilichanika kidogo chini. Alikuwa na miaka sita, kasuku wa jirani akamng'oa kipuli. Alilia, halafu akamwonea huruma kasuku."

"Na chai? Sukari ngapi?"

"Tangu ana miaka kumi na mitano hakuweka sukari. Hukujua?"

"Najua, mama. Nilikuwa nahakikisha tu."

"Njoo unione, mwanangu. Ukija pitia mlango wa nyuma. Siufungi tangu tumzike. Najua ni upumbavu. Lakini funguo zake alizisahau kwangu, ukumbuke, na mimi usiku siwezi kuufunga."

Aliporudi chumbani hapakuwa na mtu. Akaandika "bila sukari", akasukuma kadi kwenye kidirisha, akalala usingizi wa mtu aliyesamehewa.

Jumapili saa mbili alikikuta kimekaa mezani kabla yake. Kikombe kilikwishanyweka. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika chini, kidogo tu, na lilikuwa zuri kiasi kwamba Corbin alitaka kuligusa.

"Mama hafungi mlango wa nyuma," kikasema.

Corbin akatua uma. Hilo hakukiambia; kumbe kilikuwa kimesikia simu ya barazani.

"Barabara ikifunguka twende kwake. Yeye ananijua kuanzia mwanzo. Wewe una miaka saba tu, Corbin, na nusu yake hukuwa unaangalia." Kikatabasamu, kwanza puani, halafu mdomo ukafuata. "Mama anayo yote thelathini na mmoja."

Corbin akashika birika, nalo lilikuwa linatoa mvuke, na hakuhisi moto wowote. Akatazama vidole vyake, vilikuwa vya samawati hadi kwenye kiungo cha kwanza. Akamwona Mama Glenys na moyo wake mgonjwa amekaa jikoni kwake, mlango wa nyuma uko wazi, anasikia hatua anazozijua, anainuka bila hata kuuliza ni nani, anafungua mikono, na anaanza kutoa, siku ya kwanza, jino la kwanza, kasuku, shule, kila kitu, akipoa taratibu kwenye kiti chake huku akitabasamu.

Akatoka nje bila koti. Bi Merle alikuwa bandani akipasua kuni.

"Bi Merle, nilikudanganya. Nilikuja peke yangu."

Akaliacha shoka ndani ya gogo. "Najua. Nimeosha vikombe. Kikombe alichonywea mtu kina alama ya mdomo. Kile hakina."

"Ni nini kile?"

"Bibi yangu alikiita mgeni. Wengine wanasema jini. Kilikuwa huku juu kabla nyumba haijajengwa. Sura hakina, jina hakina, kina njaa tu ya kuwa mtu. Ukikiandika, kinakuja."

"Ulijua hivyo, na bado unalaza watu?"

"Nilikuuliza mara mbili pale mlangoni," alisema Bi Merle. "Mara mbili, mwanangu. Ukaniletea mizaha ya mabegi."

Corbin akavisukuma vidole vyake vya samawati kwapani.

"Kinatokaje?"

"Kwa mkono uliokialika. Andika mmoja, kikiwa kinaona, kabla ya saa kumi na mbili." Akajifuta mikono kwenye sweta. "Lakini ujue bei yake. Ulichokipa kinaondoka nacho. Mimi baada ya kumzika mume wangu Harold nilimwandikia mayai miaka miwili. Siku nilipoandika mmoja, alikwenda na kumbukumbu zake zote. Picha zake ziko ukumbini. Naziangalia kama picha za kalenda ya duka la dawa."

"Unajuta?"

"Nitajutia nini, na sikumbuki nilichopoteza? Najua tu kwamba kila jioni nawasha taa ya barazani, na sijui namwashia nani."

Saa kumi na mbili kasorobo Corbin alikaa na kadi mbele yake. Kile kitu kilisimama nyuma ya kiti. Hakikumgusa.

"Usiandike," kikasema. "Baridi huko nje, Corbin. Huwezi kujua baridi yake."

"Wewe si Tamsin."

"Mimi ndiye unayemjua wewe. Ukinifukuza, nani atakuwekea goti mgongoni? Nani atakuita kichwa maji? Utakuwa na jina kwenye jiwe la kaburi, basi." Sauti ikashuka, ikawa ile ya chini ya blanketi. "Mama si lazima. Nitakaa na wewe tu. Andika wawili."

Kalamu ilikuwa nzito kama mfuko wa saruji, na alijua kwamba kinadanganya kuhusu mama, na alijua pia kwamba hakidanganyi kuhusu yale mengine, na akaandika herufi ya kwanza huku kile kitu kikianza kuvitaja kimoja kimoja sikioni mwake, kibanda cha cheri, na cheri zikaondoka, goti, na mgongo wake ukawa mgongo wa mtu aliyelala peke yake siku zote, kicheko cha puani, na akajaribu kukishika, akakaza meno, akarudia kimoyomoyo puani kwanza, puani kwanza, mpaka hayo yakawa maneno tu yasiyo na sauti ndani yake, na bado mkono wake uliendelea, mpaka neno likakamilika, akasimama, akaisukuma kadi ndani ya kidirisha na kukifunga.

Nyuma yake kuni zilishtuka jikoni. Harufu ya jivu ikakatika kama mtu amefunga mlango.

Asubuhi sinia lilikuja na sahani moja. Corbin alikula mayai yote mawili. Vidole viliuma, damu ilikuwa inarudi. Alitoa simu, akafungua picha. Mwanamke mwenye uso mzuri alimtazama kutoka ufukweni fulani. Alizipitisha zote hadi mwisho, kwa adabu, kama unavyoangalia albamu ya mwenyeji wako.

Halafu, akiwa amefunga begi, ikamjia ile moja ambayo hakuitoa.

Ilimjia nzima. Jumanne, asubuhi ile ya mwisho. Yeye anatafuta buti, amechelewa. Mwanamke yule yule wa kwenye picha, ila huyu ana makombo ya mkate mdomoni, kalamu imechomekwa kwenye nywele, miguu peku, mguu mmoja juu ya mwingine kwa sababu sakafu ni baridi. Ameshika bahasha.

"Chagua basi, Corbin. Ziko nne tu."

"Nipo magotini kutwa nzima, Tamsin, halafu unataka nilipe nikalale kwenye nyumba ya watu? Chagua yoyote. Mimi sijali."

Hakumjibu ubaya. Aliikunja bahasha mara moja, akaiweka kwenye droo, na mikono yake ilitulia pale kwenye droo kidogo.

Corbin alikaa kitandani, begi mapajani, asithubutu kusogea, akaiangalia tena tangu mwanzo: makombo, kalamu, mguu juu ya mguu. Nje, Bi Merle alipiga honi ya trekta kuashiria kwamba njia imefunguka.

"Haya," Tamsin alikuwa amesema, akimfungulia mlango. "Nenda, utachelewa."