Bwana Harusi wa Mbuzi Watatu

Wiki ile ya mahafali, mbuzi mmoja wa soko la Kitui alijipatia digrii bila kusoma. Alinyoosha shingo hadi kwenye waya ambapo Kisilu alikuwa ameanika majoho yake ya kukodisha, akang'ata kofia nyeusi kwa kile kishada chake cha manjano, akaondoka nayo katikati ya meza za nyanya. Kisilu alimfuata mbio. Ni kijana mrefu, mwembamba, na siku hiyo futi ya kupimia nguo ilikuwa inampigapiga kifuani. Aliomba watu wamzuie mbuzi. Lakini watu wa soko unawajua: walimpisha mbuzi, wakacheka.

Mtu mmoja tu ndiye angeweza kumshika. Alikuwa msichana wa rinda la kitenge na raba nyeupe zilizokwisha kuwa nyekundu kwa vumbi, na mbuzi alipita karibu na magoti yake kabisa. Badala ya kunyoosha mkono, alichutama akatoa simu.

"Dada, unapiga picha badala ya kushika mbuzi?" Kisilu aliuliza, akihema.

"Mbuzi utampata tu," alijibu bila kuinua macho. "Picha kama hii sitaipata tena."

Mbuzi alipatikana, kofia ikapatikana, kishada kikawa kimeshaliwa. Msichana alijitaja jina, Syombua, na kwa kuwa alikuwa na roho nzuri chini ya ile jeuri, alimwalika Kisilu chai ya pole kwa Nasreen. Nasreen ni rafiki yake, watu wa kwao walitoka pwani zamani wakaja kuuza nguo Kitui, na yeye anauza viazi karai na chai ya tangawizi mkabala na saiba, duka la kompyuta na intaneti, ambapo Syombua anafanya kazi. Kisilu alikunywa vikombe viwili. Cha tatu alikunywa kwa sababu hakutaka kuondoka.

Syombua alikuwa amemaliza chuo mwaka mmoja kabla, akabaki mjini. Mchana alichapa tasnifu za watu, na muda wake mwingine wote ulikwenda kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, Vituko vya Kitui. Mji wenye chuo haukosi vituko. Kuna kibanda kimeandikwa tunachapa tasnifu na kusaga mahindi. Kuna mhadhiri anayekuja kazini na kuku kwenye buti ya gari, akitoka darasani anawauzia wanafunzi wake. Kuna mbuzi wanaoingia ukumbini saa sita jua likiwa kali, na wanafunzi wanawasogezea nafasi tu, kwa sababu kivuli ni cha wote. Watu walimtumia picha kutoka kila upande, hata Makueni, naye akazitia maneno yake makali. Wafuasi wake walimpenda kwa ulimi huo.

Kisilu akawa mletaji picha mkuu. Alimpigia simu hata wateja wakiwa kwenye foleni.

"Mwendwa, uko wapi? Kuna mtu amebebwa na pikipiki pamoja na sofa."

"Sofa imefungwa vizuri?"

"Sofa ndiyo imemfunga yeye. Amekaa juu yake kama chifu. Kimbia."

Mwendwa ni mpenzi kwa Kikamba, na Kisilu alilitamka polepole kama mtu anayepita na uji wa moto. Syombua alikimbia. Picha za sofa alizipata nyingi, na katikati ya kukimbizana na sofa, wakapendana. Tusidanganyane, walipendana vibaya. Nasreen alikuwa akiwaona wakishiriki kiazi kimoja na uma mmoja, akauliza kama uma zake zimeisha.

Baba yake Syombua, Mzee Nzuki, ni mzee wa kanisa kule mji wa Wote, Makueni, na habari zikamfikia. Hakukasirika. Alimpigia binti yake simu akasema kijana ni sawa, ila aje na wazee wake, alete ntheo. Kwetu Ukambani ntheo ni mbuzi watatu, na mbuzi hao ndio ndoa. Ng'ombe wanaweza kungoja hata watoto wamalize shule. Lakini bila ntheo, mwanamke akae na mwanaume hadi ang'oke meno, bado ni msichana wa kwao. Mzee aliongeza, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba watu wa akina Munyao, mwenye duka la dawa za mifugo, walikuwa wameshabisha hodi mara mbili kumposa. Hatawarudisha milele.

Syombua hakumtaka Munyao wala dawa zake. Alimtaka Kisilu. Kila alipomwambia habari ya mbuzi, Kisilu alishika mkono wake akasema ampe muda, kuna kitu nyumbani lazima kitengenezwe kwanza. Kitu gani? Hapo kijana alianza kuongea juu ya mvua. Msichana akaanza kulala na wasiwasi, na wasiwasi ni mgeni asiyeaga.

Jumamosi moja Kisilu alisema anaenda Kilungu, Makueni, kuona watu. Watu gani, hakusema. Kufika saa tano simu yake haikupatikana.

Mchana huo mfuasi mmoja alituma picha kutoka njia panda ya Kilungu. Pikipiki inapanda mlima. Mwendeshaji amevaa helmeti iliyofunika uso wote, na koti la suti la kijivu kubwa kiasi kwamba mikono imemeza vidole. Mbuzi mmoja kakaa kwenye tangi, kidevu juu ya usukani. Wawili wako kwenye kreti ya mkate nyuma, kila mmoja akichungulia upande wake. Syombua alicheka hadi akashika meza. Akaiweka kwenye ukurasa na maneno haya: *Bwana harusi na wasimamizi wake. Koti ni la nani jamani?*

Watu wakaanguka kicheko. Syombua alivuka barabara kumwonyesha Nasreen, na Nasreen, mwenye macho ya kuhesabu vikombe, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Hivi vitambaa vya kijani kwenye shingo za mbuzi, si ndivyo vile vipande vya majoho ya Kisilu?"

Syombua aliangalia. Vilikuwa vyenyewe. Akaangalia yale magoti marefu yaliyopanda karibu na usukani, akayajua. Kabla hajameza mate, mtu wa Kilungu akaandika chini ya picha: *Hiyo ni ntheo, inakuja hapa kwa akina Kaveke. Leo tunakula nyama.*

Jamani. Kuna maumivu ya kuachwa, na kuna maumivu ya kuachwa halafu ukawa ndiye uliyeitangazia dunia kwa mzaha. Nasreen alimwambia asikate shauri kabla ya kumsikia mwenyewe, huenda kuna jambo. Syombua alipiga simu ya Kisilu hadi akachoka kusikia yule mama wa simu akisema mteja hapatikani. Jambo gani tena? Mtu havai suti na kupeleka mbuzi watatu mahali akaitwa mgeni wa chai. Ndiyo maana alikuwa anaomba muda. Alikuwa anautumia Kilungu.

Jioni alimpigia baba yake. Kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua, alimwambia wale watu wa akina Munyao waambiwe waje. Mzee akamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Mzee akasema basi, kesho akitoka kanisani atawapigia.

Asubuhi ya Jumapili Syombua alikuwa amekaa kitandani na macho yaliyovimba, simu ikaita. Namba ngeni.

"Wewe ndiye Syombua?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima.

"Ndimi."

"Mimi ni Kavata, mamake Kisilu. Niko huku Kilungu kwetu, kwa akina Kaveke. Namba yako nimeitoa kwa Kisilu, simu yake imepata chaji leo. Nimeonyeshwa picha uliyoweka."

Syombua alibana simu sikioni. Alijua tu kwamba anakwenda kutukanwa au kualikwa harusi, na hakujua lipi baya zaidi.

"Umeuliza koti ni la nani," mama aliendelea, taratibu. "Ni la Mutie, babake Kisilu. Tulitoroshana nikiwa mdogo kuliko wewe. Alinunua hilo koti aje nalo hapa kwetu, alete ntheo yangu, watu wangu wamwone. Mwaka wa ukame, mwaka wa karo, mwaka wa ugonjwa. Akafa halijawahi kuvaliwa."

"Pole, mama."

"Sasa wewe ni Mkamba, unajua. Mtoto hawezi kupeleka mbuzi kwa watu kama mbuzi wa mamake hawajatolewa. Kisilu hangeweza kuja kwenu Wote kabla hajaja hapa. Nilimwapisha asikuambie, aibu ni yangu, si yake. Jana amesimama mahali pa babake." Sauti ilikatika kidogo, kisha ikarudi na kicheko ndani yake. "Umeandika bwana harusi. Basi bibi harusi ni mimi."

Syombua alilia. Alilia kwa aibu, na kwa furaha, na kwa yote pamoja, akasema ataitoa picha hiyo sasa hivi, amsamehe, hakujua.

"Usiitoe," mama alisema. "Miaka yote hii sina picha ya harusi. Badilisha tu maneno."

Walipoagana, Syombua aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Baba. Akina Munyao. Akapiga simu Wote. Imezimwa, mzee yuko kanisani. Akampigia mama yake. Imezimwa, mama yuko kwaya. Aliomba Mungu siku hiyo amzidishie mchungaji maneno, ombi ambalo hajawahi kuliomba mtu yeyote wa kanisa lile. Saa saba ikapita. Saa nane kasoro, baba akapiga mwenyewe.

"Nimeona umenitafuta sana. Mchungaji leo ametutoa Mwanzo akatufikisha Ufunuo."

"Baba, umewapigia watu wa akina Munyao?"

"Bado. Nataka nile kwanza."

Syombua aliketi sakafuni hapo hapo. Akamwambia baba ale, ale polepole, ajaze sahani tena, na asimpigie mtu. Mzee Nzuki aliuliza kama binti yake ni mgonjwa. Akajibiwa kwamba amepona.

Jumatatu Kisilu alifungua kazi kama kawaida, majoho yakapanda kwenye waya. Syombua alivuka barabara na chai mbili za Nasreen. Koti la kijivu lilikuwa limekunjwa juu ya cherehani, linanuka mbuzi. Kisilu hakuinua macho upesi.

"Watu elfu ngapi wamenicheka?" aliuliza.

"Wengi. Na mimi nilikuwa wa kwanza. Nisamehe." Akaweka chai. "Lakini wewe ni fundi, Kisilu. Ungelipunguza hilo koti."

"Nilitaka lifike Kilungu jinsi baba alivyolinunua."

Hapo Syombua hakuwa na mzaha tena. Alimwambia wazi alichofanya Jumamosi jioni, habari ya akina Munyao na yote, kwa sababu hakutaka kuanza naye maisha na kitu chini ya mkeka. Kisilu alisikiliza, uso ukibadilika. Akasema ilimuuma. Akasema pia kwamba yeye ndiye aliyeongea juu ya mvua alipoulizwa swali la maana, na hata kile kiapo kwa mama kingeweza kuacha nafasi ya neno moja.

"Mara nyingine usiniambie mvua," Syombua alisema.

"Mara nyingine usinipige picha, nishikie mbuzi."

Wakacheka, na kicheko kikawatua mzigo wote wa siku tatu. Kisilu akamshika mkono mbele ya soko zima. "Mwendwa, babako anapenda mbuzi wa rangi gani?"

Walikwenda Wote baada ya mvua za vuli. Kisilu alivaa suti aliyojishonea mwenyewe, ya bluu, iliyomkaa sawasawa. Syombua alikuwa ndani na shangazi zake, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu, akisikiliza ukutani. Mama Kavata aliingia na wazee wa Kilungu. Maisha yake yote, kwenye shughuli kama hizi, alikuwa akikimbilia jikoni asije akaulizwa habari ya ntheo yake. Siku hiyo alivuta kiti akakaa mbele, mkoba juu ya mapaja.

Mbuzi walipofungwa nje, Mzee Nzuki alikohoa akauliza lile swali ambalo kila mzee wa Kikamba huuliza kabla ya kupokea kamba.

"Kijana huyu, ntheo ya mamake ilitoka?"

Mjomba wa Kisilu akasema ilitoka, na nyama yake aliila yeye mwenyewe. Mzee Nzuki akasema mjomba ni mjomba, angependa shahidi wa pembeni. Kisilu alitoa simu, akaipeleka kwa mikono miwili. Mzee alivaa miwani. Aliangalia helmeti, koti, na yule mbuzi wa usukani, kisha akasoma polepole maneno ambayo binti yake alikuwa ameyabadilisha: *Harusi ya Mutie na Kavata, Kilungu.*

Kicheko kilimshika mzee mabegani kwanza, kisha kikamtoka. Aliirudisha simu, akamgeukia Mama Kavata, akainamisha kichwa.

"Basi mama yako ameolewa," akamwambia Kisilu. "Sasa tuongee juu yako."