Parapanda ya Ziwa

Nyumbani kwa Mama Kaswera, katika kata ya Kimemi mjini Butembo, asubuhi ilianza na kelele za mbuzi. Mbuzi mwenyewe aliitwa Directrice, kwa sababu alizunguka uani akikagua kila kitu kama mkuu wa shule. Josaphat, mtoto wa nyumba hiyo mwenye miaka kumi na miwili, alimkatia majani, kisha akashika bidoni ya manjano ya kuchotea maji na kuteremka kwenye chemchemi. Aliporudi, mama yake alikuwa akipanga samaki wa chumvi kutoka Kyavinyonge, kando ya ziwa, tayari kwa soko.

"Josaphat, makartoni ya samaki umeweka juu?"

"Ndiyo, mama."

"Angalia vizuri! Huyu Directrice anapenda chumvi kupita majani."

"Nimeweka, mama!"

Ulikuwa wakati wa vita. Kila juma wakimbizi walifika kutoka upande wa Beni na Oicha, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Watu wa Butembo waliwapokea, maana mgeni hafukuzwi mlangoni, lakini walimpokea mgeni huku wakimchungulia. Huyu ni nani? Ametoka wapi? Mbona anatazama mlango wangu hivyo? Hata mtu akikohoa gizani, kesho yake jirani aliuliza alikuwa anampa nani ishara. Vita huharibu barabara, na macho ya watu nayo huyaharibu.

Shuleni, wakati wa récréation, yaani mapumziko, watoto walicheza karata za wanyama. Mchezo huo uliletwa na Stanislas, rafiki wa Josaphat, ambaye kaka yake mfanyabiashara alimnunulia karata za namna hiyo Kampala. Zile za dukani zilichanika zikaisha, basi watoto wakajikatia zao kutoka kwenye makartoni na kuzichora kwa kalamu za biki. Kila mchezaji alikuwa na fungu la jamii moja: wanyama wa ziwa, au wa msitu, au wa mlima. Mnyama aliyeshindwa alipelekwa kaburini, yaani kwenye rundo la pembeni.

Lakini katika kila fungu kulikuwa na karata moja iliyoitwa Parapanda. Ukiitupa mbele ya mwenzako, wanyama wako wote waliokufa wanafufuka mara moja. Ila ni wa jamii yako tu: Parapanda ya Ziwa huamsha wa ziwa, Parapanda ya Msitu huamsha wa msitu. Aliyejaribu kupiga parapanda ya jamii nyingine alichekwa mpaka kengele ya kurudi darasani.

Josaphat alikuwa na fungu la Ziwa, na alijivuna nalo kweli kweli. Karata zake alizikata kwenye kartoni la samaki wa mama yake. "Ziwa linapaswa kunuka ziwa!" aliwaambia wenzake, akiwapitishia karata puani. Kiboko wake, aliyemchora kwa rangi za kuazima, alikuwa hajawahi kushindwa na mtu.

Kisha akaja Keren. Alikuwa msichana mkimbizi kutoka upande wa Oicha, kimya, mwenye kikwembe, kitenge cha mama yake, kilichofungwa begani badala ya sweta. Yeye na mama yake walipewa chumba cha nyuma kwa jirani, Mama Mariette, na mama yake alichekecha unga wa mhogo pale ili wapate kula. Keren alijikatia fungu la Msitu kutoka kartoni la sabuni. Siku moja akakaa mbele ya Josaphat.

Kiboko akamkanyaga Kima. Akamkanyaga Nungunungu. Akamkanyaga hata Okapi. Kaburi la Keren likajaa, na watoto waliozunguka wakaanza kumhurumia.

"Mbona unaacha wanakufa bure?" Josaphat alimwuliza akicheka.

"Bakufe kwanza," Keren alijibu. "Mi niko nangoja."

Akangoja hadi kaburi lilipojaa pomoni, ndipo akaweka chini Parapanda ya Msitu. Lo! Msitu mzima ukasimama. Kima, Nungunungu, Okapi na wenzao wakamzunguka Kiboko, na Kiboko akaanguka. Josaphat alikuwa na Parapanda yake mkononi, lakini ingemwamsha nani? Hakuwahi kukubali kupoteza mnyama hata mmoja mdogo. Aliitupa, akafufuka Kiboko peke yake, akakandamizwa tena mpaka mchezo ukaisha.

Watoto walipiga vigelegele. Josaphat masikio yalimwaka moto.

"Basi alijua Parapanda itakuja wakati gani?" Stanislas alimnong'oneza. "Lazima iko naficha karata mu kikwembe."

Walizipekua karata za Keren moja moja. Hawakuona kosa. Lakini mtu akishataka kuona wizi, kutouona humwongezea wasiwasi tu. Kengele ilipolia, Keren aliinama karibu na mkoba wa Josaphat, akaokota biki iliyoanguka, akamrudishia. Josaphat aliipokea bila kusema aksanti.

Alasiri ile, kama kawaida yake, alitupa mkoba mlangoni mwa jikoni akakimbilia maji. Kesho yake shuleni alifungua fungu lake. Parapanda ya Ziwa haikuwemo. Aliutikisa mkoba, akaupindua, akaupekua mpaka kwenye mishono. Mdomo wa mkoba ulikuwa na unyevunyevu; akadhani ni umande. Kisha akakumbuka nani aliinama pale jana.

"Ni Keren," alimwambia Stanislas. "Ameiba Parapanda yangu."

Keren aliposikia alisimama. "Mimi? Hapana. Sijaiba kitu."

"Nani mwingine alishika mkoba wangu?"

"Nilishika biki, hapana mkoba!"

Nani angemsikiliza? Josaphat alikwisha kukasirika, na hasira haina masikio. Saa ya maji, alilisema neno lile chemchemini mbele ya wasichana wenye bidoni. Akalisema tena kwenye kona ya avenue, mtaa wao, kwa Papa Ananie fundi cherehani, alipopeleka suruali kushonwa goti. Na kwa Papa Ananie, jamani, neno halilali! Lilipoingia lilikuwa karata ya kartoni. Lilipotoka lilikuwa "kitu cha watu." Lilipofika sokoni, Keren alikuwa anaingia nyumba za watu na kuchungulia. Na lilipomfikia chefu wa avenue, yaani mkuu wa mtaa, Mzee Maliro, Keren na mama yake walikuwa wametumwa na waasi wa msituni kuchunguza nani ana nini.

Ijumaa alasiri Mama Kaswera alirudi kutoka sokoni mapema. Aliweka beseni chini bila hata kuvua kitambaa cha kichwa.

"Josaphat, kuja hapa. Wageni wa Mama Mariette, chefu amewafukuza. Kesho asubuhi wanarudi njia ya Beni."

"Njia ya Beni? Lakini juma hili hakuna mtu anapita kule, mama!"

"Ndiyo hiyo. Magari yenyewe yanaogopa, na wale watapita kwa miguu. Mama Keren yuko nalia, nakunja vitu. Mi nimeuliza nani alileta neno la wizi. Batu bote banasema Josaphat wa Kaswera. Aliiba nini?"

"Karata yangu. Parapanda ya Ziwa."

"Na yeye iko na fungu la nini?"

"La Msitu."

Mama Kaswera alikuwa amewasikia watoto wakibishania mchezo huo uani kwake siku nyingi. "Basi niambie. Parapanda ya Ziwa itamwamshia nani mu msitu?"

Swali lenyewe lilikuwa mbele yake tangu siku ya kwanza, na yeye, bingwa wa mchezo, hakutaka kujiuliza. Hata hivyo shaka iligoma kutoka. "Pengine aliiba ili mimi nisishinde," alisema, macho chini.

Hapo wakasikia mlangoni mwa jikoni, taratibu kabisa: kachu, kachu, kachu.

Directrice alikuwa ameingiza kichwa chote ndani ya mkoba. Josaphat aliruka, akamvuta pembe. Mbuzi aliinua uso akitafuna bila haya, na pembeni mwa mdomo ulining'inia mkia wa karata ya samaki Ngege, ukiwa na mate. Josaphat alikimbia kwenye kibanda cha mbuzi na kupekua majani kwa mikono. Chini kabisa alipata pembe moja ya kartoni iliyotafunwa. Juu yake, kwa wino mwekundu aliouazima mwenyewe, palibaki mdomo wa parapanda.

Akaketi pale pale kwenye samadi, akalia.

"Chumvi," alisema mama yake. "Kila asubuhi nakuambia, chumvi! Na wewe unakata karata kwa kartoni la samaki, unaacha mu mlango."

"Mama, nimefanya mubaya. Jumapili nitasimama kanisani, niambie batu bote mara moja."

"Jumapili? Wanaondoka kesho! Tena, neno la wizi ulilipeleka kanisani? Ulilipeleka mlango kwa mlango. Lirudishe hivyo hivyo. Simama, giza halijaingia bado."

Basi Josaphat akafunga kamba shingoni mwa Directrice, akatia karata zake mfukoni, akatoka. Watu walimcheka njia nzima. Chemchemini aliwaambia wasichana, "Keren hakuiba. Mbuzi wetu alikula. Mimi nilisema uongo bila kujua."

"Mbuzi anakula karata? Ama mamake Keren amekupa ndizi?" msichana mmoja aliuliza, akimkazia macho.

Josaphat alitoa karata ya Mwari, ndege wa ziwa, akaiweka kiganjani. Directrice akaitafuna yote, akalamba na vidole. Wasichana wakatazamana, na yule aliyeuliza akainamia bidoni yake.

Kwa Papa Ananie pia haikutosha kusema tu. Kambare akaliwa pale, mbele ya cherehani. Kwa Stanislas akaliwa Bata-maji. Kila mlango ulitaka kuona kwa macho yake, na kila mlango ulikula mnyama mmoja wa ziwa. Alipofika kwa Mzee Maliro, fungu lote lilikuwa limebaki Kiboko tu.

Chefu alikuwa ameketi kizingitini, redio sikioni. Alimsikiliza Josaphat hadi mwisho bila kubadilisha uso.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, chefu. Mama alisema nirudishe neno."

"Mutoto mudogo anakuja kutetea wageni saa hii. Mimi nitaamini namna gani?"

Josaphat alimtazama Kiboko. Alikuwa amemchora juma zima, meno moja moja. Moyo ulimuuma kweli. Halafu akaikumbuka njia ya Beni, akanyoosha mkono, na Directrice akammaliza Kiboko kuanzia meno. Kisha akasogea na kulamba goti la chefu, maana jasho nalo lina chumvi.

Mzee Maliro alimsukuma mbuzi. Hakucheka. Alizima redio, akachukua fimbo yake, akaenda na Josaphat hadi kwa Mama Mariette. Uani kulikuwa na godoro lililofungwa kamba, sufuria juu yake, na Mama Keren ameketi kando akiwa amevaa viatu vya safari.

"Mubaki," chefu alisema. "Kosa halikuwa lenu." Alipogeuka kuondoka aliongeza, "Lakini nitaendelea kuangalia."

Mama Keren aliinamisha kichwa, akashukuru kwa Kinande, "Wasingya," kwa sauti ndogo, akaanza kufungua kamba ya godoro. Josaphat akamsogelea Keren.

"Keren, pardon. Ni mimi nilikusema. Haukuiba."

"Uliambia batu gani?"

Alimtajia, wote. "Na wote nimewarudia."

"Na bengine, bale bao nabo baliambia?" Keren aliuliza.

Josaphat aliitazama njia ya sokoni, ameshika kamba.

Jumapili baada ya ibada, Mama Kaswera aliwaalika Mama Keren na binti yake wale nao samaki. Josaphat alikuwa amekata karata mpya, safari hii kutoka kartoni la sabuni, akamwomba Keren wacheze. Keren alikubali. Lakini kabla ya kuketi, alivua kikwembe begani, akakikung'uta mbele yao. Akafungua viganja vyote viwili, akavigeuza huku na huku. Halafu akachukua mkoba wake, akauweka mbali kabisa, kwenye ukuta wa mwisho wa ua.

"Unafanya nini?" Josaphat alimwuliza.

"Ili kitu kikipotea, usinitafute mimi."

Hakuwa na hasira aliposema hivyo. Alisema kama mtu anayeeleza kanuni ya mchezo. Josaphat machozi yalimlengalenga, karata zikamtoka mkononi.

Mama Kaswera aliacha samaki jikoni, akaja kuchuchumaa kati yao.

"Mwanangu, umeona? Mu mchezo wenu unatupa karata moja, wafu wote wanasimama. Jina la mutu hapana. Neno moja linaliua kwa siku moja, na kulifufua unapita mlango kwa mlango, na bado linasimama polepole, kama mgonjwa. Chefu bado anaangalia. Keren bado anakung'uta kikwembe. Hiyo ni kazi yako, na haijaisha. Siku ingine kitu kikipotea, anza kutafuta kwako, mu mkoba wako na mu kibanda cha mbuzi wako, mbele ya kutaja jina la mwenzako."

"Ndiyo, mama."

Josaphat alivuka ua, akauchukua mkoba wa Keren ukutani, akautundika kwenye msumari mmoja na wake, juu, mahali Directrice asipofika. Keren aliutazama pale juu. Kisha akajifunga kikwembe chake, akaketi na kuanza kuchanganya karata.