Kadi Chini ya Godoro

Krrr, krrr, krrr. Kisha kimya. Kifungo alikuwa bado kitandani, lakini masikio yake yaliijua vizuri cherehani ya mama. Asubuhi hiyo iliunguruma, ikanyamaza, ikaunguruma tena, kama mtu anayetaka kusema neno akajizuia.

Aliitwa Kifungo kwa kuwa utotoni alimeza kifungo cha shati la mteja. Mama alipougua saratani ya titi, ni yeye aliyemshikia beseni akitapika, ni yeye aliyemfunga kilemba nywele zilipopukutika. Mama alipona. Sasa alikuwa na mimba ya miezi sita, na nyumba nzima ilikuwa na wimbo mmoja: mtoto, mtoto, mtoto.

"Jiandae kung'olewa, Kifungo," shangazi alimtania jana yake. "Kipya kinakuja kushonwa mahali pako!"

Kifungo alicheka kwa meno tu. Moyoni wivu ulimchoma. Mimi nilimuuguza, aliwaza, halafu huyu ambaye hata hajazaliwa ndiye mwenye mama?

Leo angeghani shairi shuleni, na mama aliahidi kwenda kumsikia. Kliniki nayo ikaangukia siku hiyo hiyo, na mama akachagua kliniki. Basi usiku wa kuamkia leo Kifungo aliichukua kadi ya kliniki mezani, akaisukumiza chini ya godoro lake. Bila kadi, mama hangekwenda.

Alipotoka chumbani alimkuta mama amemwaga kapu zima la vitambaa sakafuni.

"Umeiona kadi yangu?"

"Si uende wiki ijayo, mama? Mtoto hakimbii."

Mama aliketi, mkono ukiwa juu ya kovu lake kifuani. "Leo napewa majibu, mwanangu. Wamenipima kama ugonjwa umerudi. Sijamwambia mtu, hata baba yako. Kila mtu ananiambia nifurahi." Akaokota kitambaa kimoja sakafuni. "Nawashonea watoto wa mtaa mzima, wangu sijamshonea hata kofia. Naogopa nitashona, nisiwepo wa kumvalisha."

Mtoto aliyemwonea wivu hakuwa na hata kofia! Kifungo alirudi mbio chumbani, akaja na kadi.

"Niliificha mimi. Nilimwonea wivu mtoto."

Mama aliipokea kadi. "Vaa viatu. Twende wote."

"Na shairi?"

"Ulilifuta mwenyewe ulipoficha kadi."

Huko kliniki, muuguzi alifungua faili, akatabasamu. "Hakuna dalili ya ugonjwa. Mtoto naye anaendelea vizuri."

Mama aliangua kilio. Muuguzi alimsogezea kiti. "Lia, dada. Aliyepona saratani akabeba mimba hubeba na hofu pia. Huko si kukosa shukrani. Chumba cha pili kuna mshauri, nitakupeleka leo." Kisha akamgeukia Kifungo, aliyekuwa amekwisha kumwungamia yote. "Wewe ulificha wivu, ukaishia kuficha kadi. Mama alificha hofu, ikamnyima furaha. Kinachouma moyoni kisemwe mapema, kwa mtu anayekupenda. Kusema nako ni sehemu ya afya."

Nje ya lango Kifungo alimshika mama mkono.

"Mama, nitamwonea wivu tena, najijua. Lakini nakuahidi, siku hiyo nitakuja kukwambia kwanza, kabla mkono wangu haujagusa kitu."