Vipimo Vyangu, Siri Yake

— Nijibu! Kwa nini umefuta jina langu kwenye daftari la maabara?

Mpenzi wangu alikuwa na kopo la tope mkononi, amechafuka hadi viwikoni. Pembeni yake Dada wa Maabara, yule fundi mrembo anayetutunzia vifaa, akajifanya anapanga chupa ambazo zilishapangwa.

— Sijalifuta. Nimelisogeza tu.

— Umelisogeza wapi? Siku nne mfululizo saa zangu zina jina lako!

— Punguza sauti, mpenzi.

— Mpenzi wa nani?

Tulikuwa mwaka wa nne, uhandisi wa petroli. Kesho yake saa tatu asubuhi nilitakiwa kutetea mradi wangu mbele ya wahadhiri, na nikianguka hapo narudia mwaka mzima. Wiki tatu nilikuwa nimepima uzito wa tope la kuchorongea, lile linaloingizwa kisimani ili likandamize gesi isipande. Darasani waliniita Bibi Tope, na mimi nilikuwa naliitikia jina hilo kwa madaha.

Simu yake ilikuwa mezani. Niliinyakua kabla hajaiwahi. Ujumbe wa juu kabisa ulitoka kwa Dada wa Maabara: “Leo njoo mapema. Na usimwambie, ataumia.”

Niliusoma kwa sauti.

— Ataumia nani? Mimi?

Dada wa Maabara akaweka chupa chini.

— Shemeji, mimi hii siri imenichosha. Wewe kaka, mwambie, au namwambia mimi.

Nikajua nimeshaibiwa. Lakini badala ya kuniomba msamaha, yule mwanaume akachukua mizani yangu ya tope, akaijaza maji safi, akanisogezea.

— Soma.

— Unanifanyia mchezo?

— Soma, tafadhali.

— Moja nukta sifuri sita.

Maji safi husoma moja kamili, hata wa mwaka wa kwanza anajua.

— Nani kaiharibu?

— Mimi. Siku ile ya kwanza nilipokusaidia kuosha vifaa, ilinidondoka. Kile chuma cha nyuma cha kusawazisha kikalegea, nikakikaza kwa kukisia. Nimegundua Ijumaa.

— Na siku zote hizi unafanya nini?

— Napima upya sampuli zako. Zimebaki mbili. Nilitaka ukute namba sahihi, ubadilishe tu.

— Nibadilishe tu? Niende kutetea kazi yako niiite yangu?

Na mimi sikuwa msafi. Kila asubuhi nilitakiwa kuijaribu mizani kwa maji kabla ya kupima chochote. Nilifanya hivyo siku ya kwanza tu, kabla haijadondoka; nyingine zote nikaona napoteza muda.

Nilitoka pale sijui nimkumbatie au nimzabe kibao. Mtu ananidanganya siku nne, na siku hizo hizo nne amezama kwenye tope langu. Haya sasa ni mapenzi au ni usaliti? Niligeuza huku, nikageuza kule, nikaishia kulia tu.

Jioni akaandika: “Namba zote nimekutumia. Zitumie, nakuomba.”

Nikajibu: “Usinitafute.”

Asubuhi nilisimama mbele ya wahadhiri watatu, wanadarasa wamekaa nyuma. Profesa akafungua ukurasa wa vipimo.

— Binti, namba hizi una uhakika nazo?

Namba za mpenzi wangu zilikuwa kwenye simu mfukoni. Zangu, za uongo, zilikuwa zimemulikwa ukutani kwa projekta, kila mtu anaziona.

— Hapana, Profesa. Mizani ilikuwa inazidisha nukta sifuri sita, na mimi sikuijaribu kwa maji kila asubuhi. Kwenye kisima halisi ningeamini tope ni zito kumbe ni jepesi. Gesi ingepanda, watu wangekufa.

Profesa akafunga ule ukurasa.

— Iliharibikaje?

Nikaangalia viatu vyangu. Nyuma kiti kikasogea.

— Ni mimi, Profesa. Niliidondosha, nikanyamaza.

— Wewe ni nani wake?

Akanitazama, macho mekundu.

— Sijui, Profesa. Tangu jana sijui.

Wanadarasa wakaangua kicheko. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

— Kaa chini. Binti, endelea.

Nusu saa walinikamua. Mwisho Profesa akavua miwani.

— Umefaulu. Lakini vipimo vyote unarudia kwa mkono wako mwenyewe. Wiki mbili.

Nilitoka nikampigia mama.

— Mama, nimefaulu!

Akapiga vigelegele hadi nikaiweka simu mbali na sikio.

— Na yule kijana wako, kafurahi?

Nikamweleza yote, kuanzia mizani hadi kicheko cha darasa zima.

— Mama, nimechanganyikiwa. Sijui hata nifanye nini.

— Unampenda?

— Ndiyo.

— Atakudanganya tena?

— Kwa alivyoaibika leo? Sidhani.

— Basi hujachanganyikiwa, mwanangu. Una hasira. Hasira inaisha.

Nikakata, nikampigia yeye. Akapokea kabla haijaita mara ya pili.

— Uko wapi?

— Nje ya hosteli yenu. Nimekaa kwenye ngazi.

— Umekula?

— Tangu jana, hapana.

— Usiondoke hapo, nakuja tukale. Ila ujue bado nimekununia.

— Ninunie tu. Njoo.

Nikaanza kutembea. Baada ya hatua chache nikajikuta nakimbia.