Mji Ambao Vernon Hakutaka Kuutaja

Jua lilikuwa likizama nyuma ya mashamba ya mahindi Marlys Haugen alipoiacha barabara kuu ya Nebraska na kukata kuelekea Tolby. Safari yake ilikuwa ya Omaha, kwa binti yake Kristin. Lakini Tolby ndiko alikozaliwa mumewe, Vernon, na maisha yao yote Vernon alikataa katakata kumpeleka. Sasa Vernon alikuwa kaburini tangu theluji ilipoyeyuka, na Marlys hakuwa amelia hata mara moja. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Aliegesha gari, akatembea. Duka la vyuma, limefungwa. Kanisa la Kilutheri, limefungwa. Hakubweka mbwa. Ilikuwepo harufu tu... ya mahindi yaliyovundia ghalani.

Mkahawa ulikuwa na taa.

Ndani, wazee wameinamia sahani zao. Hakuna aliyetafuna. Mhudumu mmoja mwenye mvi, jina lake Joyce limebandikwa kifuani, akammiminia kahawa inayofuka moshi. Marlys akaigida yote.

Joyce akaduwaa. "Haikukuunguza, dada?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Siku hizi sisikii kitu."

Joyce akamwinamia sikioni. "Ondoka. Mji huu unawataka watu wa namna hiyo. Mimi nilipita hapa nile tu, natoka kumzika mwanangu..."

"Lini?"

Joyce akafungua mdomo. Hakukumbuka.

Jikoni, mtu akakohoa. Kikohozi kile Marlys alikuwa amelala kando yake miaka na miaka.

"Marlys? Njoo basi, mke wangu."

Alijua si Vernon. Alimwona akifukiwa. Alijua pia kwamba alipaswa kuogopa, akaungoja woga uje.

Haukuja.

"Usiitike!" Joyce akamkamata mkono. "Nakusihi, dada, usiitike!"

"Abee," Marlys akaitika.

Kristin alingoja mpaka chakula kikapoa. Polisi walilikamata gari la mama yake karibu na Omaha, likiendeshwa na bibi mwenye mvi, jina la Joyce kifuani, asiyejua huu ni mwaka gani. Alikuwa akilia kwa kwikwi, huku akiyalamba machozi yake kama mtu aliyeonjeshwa asali.

"Nilimkataza," alisema. Hawakupata jingine kwake.

Huko Tolby, mkahawa ulikuwa umepigiliwa mbao, na vumbi la mlangoni halikuwa na alama ya kiatu.

Kristin bado humpigia mama yake simu. Hupokelewa. Husikika vijiko vikigonga sahani, kisha sauti ya Marlys, isiyo na furaha wala huzuni:

"Baadaye, mwanangu. Nina wateja."